Bibi Veva Hakujinyonga

Erlinda Tafoya alipomwambia mdogo wake Onofre kwamba wikiendi ile wanakwenda Santa Fe, na kwamba hawatafikia kwa binamu yao bali hotelini, Onofre alimgusa paji la uso kuona kama ana homa. Dada yake hakuwa mtu wa hoteli. Alikuwa mtu wa kuosha mifuko ya plastiki na kuianika kwenye kamba. Tangu walipohamia Pueblo, huko Kolorado, wakiwa watoto, baba yao alipopata kazi kwenye kiwanda cha chuma, kila waliporudi Santa Fe walilala kwa binamu yao Ramoncita, kwenye makochi, na asubuhi wakaamka na shingo zimekakamaa.

"Hoteli gani?" Onofre aliuliza.

"Nyumba yetu. Siku hizi inalaza wageni. Nimechukua chumba cha nyuma, kile cha Bibi."

Onofre aliweka kikombe chake mezani. "We Erlinda, unatafuta nini mle?"

"Natafuta kulala. Nina miaka sabini na tatu, mpaka leo niombe ruhusa ya kulala?"

Onofre hakuamini hata neno moja. Lakini yeye ndiye alikuwa dereva, na maishani mwake hakuwahi kumshinda dada yake kwa maneno, kwa hiyo Ijumaa asubuhi alitia mafuta garini wakashika njia ya kusini.

Walifika alasiri. Ulikuwa mwezi wa Septemba, na kila kona mitaani mtu alikuwa anachoma pilipili mbichi kwenye pipa la wavu, harufu ikiingia garini mpaka Onofre akaanza kumeza mate. Erlinda alikuwa ameegemea dirisha anaitazama mitaa, na waliposimama mbele ya nyumba alishuka kabla gari halijazimwa.

Nyumba ilikuwa palepale, lakini ilikuwa kama mtu uliyemjua akiwa mkulima halafu ukamkuta amevalishwa suti. Kuta za udongo, zile walizokuwa wakizikandika kwa mikono kila kiangazi, zilikuwa zimefunikwa kwa saruji laini iliyopakwa rangi ya udongo. Milango ilikuwa ya buluu. Pale palipokuwa na banda la kuku palikuwa na bwawa dogo la maji ya moto, na ndani yake mzungu mmoja mnene amekaa kimya na kofia kichwani.

"Jogoo wa Bibi angemdonoa yule," Onofre alinong'ona.

Mwenye hoteli aliwapokea mlangoni mwenyewe. Aliitwa Bwana Whitlock, mtu mrefu, mwembamba, mwenye nywele nyeupe zilizofungwa nyuma, na mkanda wa fedha na mawe ya feruzi uliokuwa mzito kuliko kiuno chake. Alikuwa mkarimu kwelikweli. Aliwabebea mabegi. Akawasalimia kwa Kihispania cha vitabuni, akitamka kila silabi kama anapanda ngazi.

"Karibuni katika nyumba ya Doña Inés," alisema, akawaingiza sebuleni.

Juu ya meko kulikuwa na picha kubwa katika fremu ya dhahabu. Ilikuwa ya mwanamke, uso tu na mabega. Kichwani alikuwa na kitambaa cheupe cha vitobo kama lesi. Macho yalitazama chini, na mdomoni kulikuwa na kitu ambacho mtu angeweza kukiita huzuni. Chini ya fremu palikuwa na kibao cha shaba: Doña Inés.

"Huyu ndiye mwenye nyumba," Bwana Whitlock alisema, na sauti yake ikashuka kama ya padri. "Alikuwa kimada wa kapteni mmoja wa zamani. Kapteni akamwacha. Usiku wa theluji, Inés akavaa shela ya harusi ambayo hakuwahi kuivaa kanisani, akajinyonga kwenye boriti ya chumba cha nyuma. Hajaondoka mpaka leo. Wageni wengi wamemsikia." Akatabasamu. "Na ninyi mmepata chumba chenyewe! Watu hukisubiri miezi."

Onofre alimtazama dada yake, akamwona amekuwa mweupe kama karatasi. Alingoja dhoruba, lakini haikuja. Erlinda alipokea ufunguo, akashukuru, akatembea mpaka chumbani, akakaa kitandani bila kuvua koti.

"Umeona?" alisema baadaye.

"Nimeona."

"Ni Bibi Veva."

"Najua ni Bibi Veva. Mimi pia nina macho."

Bibi Genoveva Tafoya, mama yake baba yao, ndiye aliyewalea katika nyumba ile baba na mama walipokuwa wakihangaika na vibarua. Kila Jumapili alipokea komunyo, na kila Jumatatu aligombana na mtu. Alikufa kitandani mwake amezeeka, akimfokea daktari kwamba mikono yake ni ya baridi. Baba zao wadogo wakaiuza nyumba pamoja na vyombo vyake, ndipo Erlinda na Onofre wakahamishiwa Pueblo, na hakuna aliyekumbuka picha iliyokuwa ukutani.

Erlinda alitazama juu, kwenye boriti. "Hapa alikuwa anatundika pilipili zikauke," alisema. "Pilipili, Onofre! Wamemnyonga Bibi yangu mahali pa pilipili."

"Tulale. Kesho tutamwandikia meneja."

"Meneja ndiye yeye."

"Basi tulale tu."

Onofre alilala. Erlinda alijinyoosha kitandani, macho yake kwenye boriti. Kilichomchoma zaidi haukuwa uongo wenyewe. Uongo aliuzoea, mji ule ulikuwa ukisimuliwa na wageni tangu alipokuwa mtoto. Kilichomchoma ni kwamba wamechukua mwanamke aliyekuwa hanyamazi, wakamfanya bubu, wakamtia kitanzi, halafu wakamwita kimada.

Jumamosi walishinda mjini. Onofre alimpeleka makusudi kwenye uwanja wa katikati ya mji, ili moyo upoe. Walikaa kwenye benchi, wakawatazama wanawake wa vijiji vya wenyeji wa asili wamepanga vidani vyao kwenye mablanketi chini ya varanda ndefu. Walikula nyama ya nguruwe iliyopikwa kwa pilipili nyekundu, na mikate ya kukaanga iliyovimba kama mito, wakaimiminia asali. Erlinda alianza kucheka tena. Halafu wakaingia duka moja la zawadi, Onofre akitaka kununua sumaku ya friji, na pale karibu na mlango kulikuwa na rafu nzima ya Bibi Veva. Uso wake ulikuwa kwenye kadi. Ulikuwa kwenye vikombe. Ulikuwa kwenye soksi.

Erlinda alishika soksi moja, akaigeuza, akairudisha mahali pake taratibu.

"Dada," Onofre alisema, "nakuomba. Kesho tunaondoka. Tumekula vizuri. Nakuomba."

"Sijasema kitu."

"Ndiyo maana nakuomba."

Jua lilipokuwa linazama, wageni wote wa hoteli walikusanyika sebuleni kwa matembezi ya mizimu. Kila Jumamosi Bwana Whitlock aliwaongoza watu mitaani kuwaonyesha nyumba zenye wafu wasiotulia, na safari ilianzia pale, chini ya picha. Alikuwa amevaa joho jeusi. Wageni walikuwa wameshika taa ndogo na bilauri za mvinyo. Erlinda alisimama mbele kabisa, mkoba wake umebanwa kwapani. Onofre alisimama nyuma yake kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano.

"Ulikuwa usiku wa theluji," Bwana Whitlock alianza. "Inés, mrembo aliyevunjika moyo..."

"Uongo," Erlinda alisema.

Halikuwa neno la kupaza sauti. Lilikuwa neno la mtu anayerekebisha chenji dukani. Lakini taa zote ziligeukia kwake.

Bwana Whitlock alicheka kwa adabu. "Kila mara tunapata mgeni mwenye maoni yake."

"Mimi si mgeni. Nimezaliwa hapa ndani, chumba kile cha nyuma, na mkunga alikuwa huyohuyo unayemsingizia. Huyo ni bibi yangu. Anaitwa Genoveva Tafoya. Hakuwa na kapteni. Alikuwa na mume mchunga kondoo, Celedón, mwenye mguu mbovu na mdomo mbovu zaidi. Na hakujinyonga. Angekuwa na nafasi ya kunyonga mtu, angeanza na babu."

Mtu mmoja nyuma aliangua kicheko, akajiziba mdomo.

"Mama," Bwana Whitlock alisema, sasa akiongea polepole kama anamhudumia mgonjwa, "sura za zamani zinafanana sana. Huyu amevaa lesi ya kifahari. Mke wa mchunga kondoo angeipata wapi?"

"Ni pazia."

"Samahani?"

"Pazia la jikoni. Alilitupia kichwani vumbi lisimwingie nywele. Siku hiyo walikuwa wanakandika ukuta wa kanisa, yeye na wanawake wa mtaa, na mpita njia mmoja mwenye kamera akampiga picha. Umeficha nusu ya picha kwa hilo kadibodi la pembeni. Litoe. Utaona miguu yake imezama kwenye tope mpaka kwenye vifundo. Utaona na mimi pia."

Wageni waligeuka wote kumtazama Bwana Whitlock. Bwana Whitlock alipandisha joho lake begani. "Ni picha ya kale. Haiguswi."

"Unaogopa miguu?"

"Mama, nakuomba uketi."

Erlinda alivuta kiti, lakini si kwa ajili ya kuketi. Alikuwa ameshaweka goti moja juu yake pale mkono ulipomshika begani. Alidhani ni wa Whitlock, akageuka na mkoba tayari hewani, akakuta ni Onofre.

"Shuka, utavunjika nyonga," mdogo wake alisema. "Mimi ndiye mrefu."

Onofre, mtu ambaye mgahawani akiletewa chakula kisicho chake hukila hivyohivyo, alinyoosha mikono, akaitungua picha, akailaza juu ya meza kifudifudi. Bwana Whitlock alipiga ukelele. Onofre alitoa ufunguo wa gari mfukoni na kuanza kung'oa vijimisumari vya nyuma, kimoja kimoja, huku masikio yamemwiva.

"Onofre," Erlinda alisema taratibu.

"Usinisemeshe, nitaacha."

Kadibodi lilitoka. Wageni walisogeza taa zao. Mwanamke wa huzuni alikuwa amesimama katikati ya tope, sketi ameikusanya na kuichomeka kiunoni, miguu mitupu, minene, imejaa udongo. Mkono mmoja umeshika donge la udongo wenye majani makavu, tayari kulibandika ukutani. Macho hayakuwa yakitazama chini kwa majonzi. Yalikuwa yanamtazama mtoto wa kike aliyechuchumaa pembeni, nywele mikia miwili, uso umepakwa tope lote, ulimi nje. Mdomo wa Bibi ulikuwa unajizuia kucheka.

"Alikuwa ananiambia nisile udongo," Erlinda alisema. "Nikaula."

Mama mmoja mwenye miwani aliinama juu ya picha, akainuka akamtazama Erlinda, akainama tena. "Ni kidevu kilekile," alisema. "Jamani, ni yeye!" Simu zikaanza kutoka mifukoni.

Bwana Whitlock hakuwa mkarimu tena. Alisema picha ni mali yake, kwamba alinunua nyumba na vyote vilivyomo, na kwamba ataita polisi. Akaita. Erlinda aliketi kwenye kile kiti, akaiweka picha mapajani, akaikumbatia kwa mikono miwili. Onofre alivuta kiti kingine akaketi pembeni yake. Hakuna mgeni aliyetoka. Mmoja aliwaletea mvinyo.

Polisi aliyekuja alikuwa kijana mnene wa ukoo wa Baca, mwenyeji wa hapohapo. Alisikiliza upande wa Bwana Whitlock mpaka mwisho. Kisha akavua kofia, akachuchumaa mbele ya Erlinda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, huyu bwana anasema picha imo ndani ya nyumba yake."

"Ni kweli. Na mimi nimo ndani ya picha."

Kijana aliitazama picha, akamtazama yule mtoto mwenye ulimi nje, akajikuna shingo. "Hayo mambo ya nani anamiliki nini, bibi, kwa kweli ni ya mahakama. Kisheria unatakiwa uiache hapa, halafu umshitaki."

"Siiachi. Ukitaka nichukue nayo. Nitakaa nayo hukohuko selo."

"Na mimi," Onofre alisema, kisha akashangaa kuisikia sauti yake mwenyewe.

Kijana wa Baca alisimama, magoti yakalia. Akamwendea Bwana Whitlock, akasema bila kushusha sauti: "Bwana, nifanye unavyotaka wewe. Unataka nimtie pingu bibi huyu hapa, mbele ya wateja wako, na simu zote hizi? Sema tu."

Bwana Whitlock alizitazama simu. Akalitazama joho lake. "Waondoke," alisema hatimaye. "Waondoke na hiyo karatasi yao. Fremu ibaki. Na wasikanyage hapa tena maisha yao yote."

Erlinda alisimama. "Fremu ni yako, ni ya kupakwa rangi tu kama wewe. Nyumba hii nilitolewa mara moja nikiwa mtoto, nikaondoka nikilia mpaka mpakani. Leo silii. Onofre, chukua mabegi."

Usiku ule walilala kwa Ramoncita, upande wa kusini wa mji ambako wageni hawapelekwi matembezi, kwenye makochi yaleyale. Ramoncita aliwapashia supu ya mahindi na nyama, akaisikiliza habari yote, akaomba irudiwe sehemu ya misumari. Onofre aliirudia akiwa amesimama. Picha ilikuwa imeegemezwa kwenye mtungi wa sukari, na Ramoncita kila alipopita aliisalimu.

Jumapili, baada ya misa, ilikuwa warudi Pueblo. Lakini njia ya kutokea ilipita karibu na mtaa ule, na Erlinda akasema apitishwe mara ya mwisho, hashuki, anatazama tu. Onofre akapunguza mwendo. Dirisha la sebule lilikuwa wazi upande wa barabara, na meko ilionekana vizuri.

Fremu ya dhahabu ilikuwa ukutani. Ndani yake kulikuwa na picha nyingine. Mwanamke mwingine, kijana zaidi, mwenye shali nyeusi, labda ameokotwa kwenye soko la vitu vya zamani. Kibao cha shaba kilikuwa kilekile.

"Simamisha," Erlinda alisema.

"Hapana. Hapana, dada. Tumepata wa kwetu. Yuko hapa kiti cha nyuma, nimemfunga mpaka mkanda. Twende nyumbani."

"Na huyo ni bibi wa nani?"

"Mimi nitajuaje?"

"Hata yeye Whitlock hajui. Simamisha gari, Onofre."

Onofre alisimamisha. Alikaa kidogo ameshika usukani, anapumua kwa pua. Kisha akashuka, akafungua buti, akatoa viti viwili vya kukunja alivyokuwa navyo kwa ajili ya uvuvi, akavikunjua kwenye njia ya waenda kwa miguu, mbele ya lango la buluu. Erlinda aliketi kimoja, akaisimamisha picha ya Bibi Veva magotini, miguu yenye tope ikitazama barabara.

Haukupita muda, lango likafunguka.

"Nilisema msirudi hapa!" Bwana Whitlock alisema. Leo hakuwa na joho, alikuwa na taulo begani.

"Ulisema tusikanyage kwako. Hapa ni njia ya watu."

"Nitaita polisi."

"Mwite yule wa jana, ana adabu."

"Unataka nini tena? Picha umechukua! Yule ndani si bibi yako!"

"Ndiyo maana nimekaa," Erlinda alisema. "Bibi yangu nilimjia mimi. Huyo hana aliyemjia."

Bwana Whitlock akarudi ndani na lango likabamizwa. Onofre alivuta kiti chake karibu zaidi na cha dada yake. Aliuliza watakaa mpaka saa ngapi. Erlinda akasema hajui. Akauliza kama wiki ijayo watarudi. Erlinda akasema gari ni lake, petroli ni yake, aamue mwenyewe, ila yeye atarudi hata kwa basi.

Mtu na mkewe walitokea kwenye kona wakiwa na ramani, wamevaa kofia mpya za majani. Walisimama mbele ya viti, wakaitazama nyumba, wakamtazama mwanamke mzee mwenye picha magotini.

"Samahani, mama," mume aliuliza, "hapa ndipo kwenye nyumba ya yule mzimu? Yule aliyejinyonga?"

"Ndipo hapa," Erlinda alisema. "Sogeeni kivulini niwaambie. Hakuna aliyejinyonga. Huyu mnayemwona ni Genoveva Tafoya, na hapa ana tope mpaka miguuni kwa sababu alikuwa na kazi ya kufanya. Na yule mwingine mle ndani, mkichungulia dirishani mtamwona, jina lake hatulijui bado. Mmetoka wapi ninyi? Mitaani kwenu kuna wazee? Haya, mtazameni vizuri, mpigeni picha, mkawaulize kama wanamfahamu."

Mke alisogea dirishani, akaweka viganja pembeni ya macho, akachungulia.